Mama Mkwe na Bwana Subira

Fundi friji hakuwa mwoga. Umeme ulishamrusha zaidi ya mara moja, akainuka akicheka na kuokota bisibisi yake. Lakini mama mkwe alipokuja kukaa kwao baada ya kupasuliwa jicho, fundi alianza kutafuta kila sababu ya kuchelewa kazini. Si kwamba alimchukia, la hasha. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na kaka zake, na namna ya kuzungumza na mama hakuijua. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Basi, maneno yamekwisha, kilichobaki ni kutazama sakafu.

Jicho moja la mama lilikuwa limefungwa bandeji. La pili lilikuwa likisubiri zamu yake, na halikuona ila ukungu.

Mama huyo alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha magazeti hadi alipostaafu. Humo ndimo mchezo wa sataranji ulimomwingia. Kila wiki alipanga matokeo ya mashindano ya kimataifa, herufi na namba tupu asizozielewa, mpaka siku moja uvumilivu ukamshinda akamuuliza mhariri wa michezo, naye akamfundisha. Tangu hapo hapakuwa na mashindano makubwa yaliyompita. Na sasa, macho yakiwa gizani, ndipo wachezaji wanane hodari walipokutana kupigania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia.

"Mume wangu," mkewe alimwambia akijiandaa kwenda kwenye duka la dawa, alikokuwa na zamu ya jioni, "mama chakula hakimpandi. Anataka habari za sataranji yake. Msomee."

"Mimi? Sataranji siijui hata kwa kuonjeshwa!"

"Lakini kusoma unajua."

Jioni ile fundi alikaa kwenye ncha ya kiti, simu mkononi, kijasho chembamba kikimtoka. Akakohoa kidogo, akaanza kusoma hatua moja baada ya nyingine, mama akitikisa kichwa kuashiria kwamba anafuata. Ghafla akainua kidole.

"Umesemaje hapo, baba?"

"Farasi, b nne."

"Farasi wake yuko f tatu. Atafikaje b nne? Amepanda pikipiki?"

Fundi akasogeza simu karibu. "Ni d, mama. D nne. Nisamehe."

"Afadhali. Nilidhani farasi kalewa."

Mama akacheka, na fundi naye, kabla hajajizuia, akacheka.

Mama aliuona ubao wote kichwani, fundi hakuweza. Kwa hiyo siku ya pili alikata boksi la friji, akachora miraba, akapanga nati na skrubu. Nati kubwa zikawa ngome, skrubu ndefu zikawa maaskofu, skrubu fupi zikawa vitunda, yaani askari wa mstari wa mbele, na kitufe cha kuongezea baridi kikawa malkia. Mama alivipapasa kimoja kimoja akimfundisha mwendo wa kila kipande. Akamjulisha pia kipenzi chake, mchezaji wa makamo ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa akishika nafasi ya pili. Mama alimwita Bwana Subira. Mpinzani wake mkubwa safari hii alikuwa kijana mmoja mwenye pupa ya kushambulia, naye akapewa jina la Radi.

Fundi akaanza kuwahi nyumbani. Siku moja, kichwa kikiwa ndani ya friji ya bucha, alisahau kazi, bisibisi mkononi, hadi mwenye bucha akaingiwa na hofu.

"Vipi fundi, gesi imekwisha?"

"Hapana. Nawaza tu, kwa nini hakumtoa askofu mapema."

"Askofu? Askofu anahusikaje na friji yangu?"

Bwana Subira na Radi walikutana siku ambayo mke wa fundi alikuwa na mapumziko. Alikuwa akipakua chakula, mumewe akisoma. Bwana Subira akabadilishana malkia na Radi, kila mmoja akimla wa mwenzake, na mchezo ukaisha sare.

"Kafanya la busara," mama alisema. "Sare na Radi si haba."

"Hapana, mama. Kakosea."

Mkewe akasimama na mwiko hewani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akimwambia mama "hapana". Fundi mwenyewe alitamani ardhi ipasuke.

Mama akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Eleza."

Fundi akapiga moyo konde. "Mfalme wa Radi alikuwa bado katikati, hajajificha kwenye kona. Ukishamwondoa malkia wako, nani atamfukuza?"

Mama akafikiri. "Na mfalme wa Bwana Subira mwenyewe, je? Naye alikuwa uchi."

"Alikuwa na vitunda mbele yake, mama. Siyo sawa."

Wakabishana hadi chakula kikapoa. Mwishowe mama alivuta pumzi, akasema kwa upole, "Tangu baba yenu afariki, hakuna anayenibishia. Kila mtu ni ndiyo mama, ndiyo mama, kama vile nami nimeshazikwa. Ahsante, mwanangu."

Fundi aliinuka kwenda kunawa mikono, na huko bombani akakawia.

Bwana Subira alimaliza wa pili, nusu pointi nyuma ya Radi. Wachambuzi nao hawakukubaliana kuhusu wale malkia. Mama alisikitika, kisha akasema anamshukuru mzee wa watu kwa kumpa siku za raha wakati hakuwa na cha kutazama.

Jicho la pili nalo lilipasuliwa, likapona. Mama akarudi kwake, sasa anajisomea mwenyewe. Hata hivyo, mashindano makubwa yakianza, simu hulia jioni, na mke wa fundi humnyooshea mumewe bila hata kuangalia nani anapiga.

"Mimi ndiye aliyenizaa," hulalamika, "lakini hali yangu haniulizi!"

Hulalamika huku akitabasamu, kisha humwekea mumewe chakula chini ya kifuniko, kwa maana anajua mazungumzo hayo si ya kwisha leo.