Nilitaka kumuumbua staa wa amani, nikamharibia kijana safari ya kurudi nyumbani

Wakuu, salamu kutoka Kasongo.

Nimesoma ule uzi wa juzi: je, wanamuziki wakubwa wanapinga vita kweli, au wanapinga vita pale tu inapowafaa? Mmetukanana kurasa nzima. Mimi ni mzee, sina matusi, nina kisa. Sitatia chumvi. Nilipokosea nitasema nilikosea, maana bila hapo hakuna kisa.

Nina kibanda sokoni. Nachaji simu kwa sola na kutia nyimbo kwenye kadi za memori za simu. Mtandao wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo watu bado wananifuata, hata kutoka Lusangi, upande wa Kabambare.

Kuna staa mmoja, jina naliacha. Aliimba wimbo wa amani uliowaliza watu hapa, na mimi nikiwemo. Anawataja akina mama wanaokimbia na magodoro kichwani, na sisi tumekimbia hivyo hivyo. Wimbo ule nilimtilia bure kila aliyeuomba.

Halafu akatoa mwingine, wa kucheza. Gitaa limepamba moto, mara namsikia anamsalimia mtu kwa jina, anamwita simba wa msitu. Ni mkubwa wa kundi la silaha linalosumbua njia yetu ya Kabambare!

Kwa wasio Wakongo: huku mwenye mali hutoa chochote ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Tunaita kutupa libanga. Tulizoea wafanyabiashara na wanasiasa. Kumbe na watu wa bunduki.

Nilikasirika kupita kiasi. Kila mteja nilimpigia nyimbo zote mbili, moja baada ya nyingine, asikie unafiki kwa masikio yake. Vijana wa soko wakaniita Prokireri, yaani mwendesha mashtaka. Wakipita wananiuliza, "Prokireri, leo unamufunga nani?"

Niseme ukweli, jina lile nililipenda.

Siku moja akaja Mama Shabani, mkulima wa Lusangi. Tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyo Shabani, kijana mzima, alikuwa msituni na kundi hilo hilo. Wengine huingia kwa nguvu, wengine kwa hasira. Yeye aliingia kwa hasira, baada ya kaka wa baba yake kuuawa shambani na kundi jingine.

Mama akanieleza kwamba kuna mtu wa pikipiki ambaye kundi linamruhusu kupita na chumvi na sabuni. Kwa mdomo wa huyo, Shabani alituma habari: amechoka, anaona haya kwa maisha yale ya bunduki, anataka kurudi. Zamani akilima alikuwa akiimba ule wimbo wa amani kutwa. Mama alitaka nimrekodi sauti yake, kisha niutie wimbo ule, kadi iende.

Nikaanza kumhutubia juu ya staa wangu muongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Papa, muimbaji sikumuomba," akasema. "Nimeomba wimbo."

Nikamrekodi. Alisema kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini. Nikatia wimbo wa amani. Kisha, bila kumwambia, nikatia na ule wa pili.

Mtaniuliza kwa nini. Nilijiambia kijana ana haki ya kujua ukweli wote. Lakini haukuwa ukweli. Ilikuwa kesi yangu, nami nilikuwa natafuta shahidi mwingine.

Kadi ikaenda. Mtu wa pikipiki aliporudi alipitia kibandani kwangu kwanza, nikajua si heri.

Shabani alimsikia mama yake akalia. Akasikiliza wimbo wa amani, akaanza kukunja vitu vyake. Simu ikaendelea yenyewe, ukaja wa pili. Wenzake wakalisikia jina la mkubwa wao, wakainyakua simu, wakampelekea. Mkubwa akacheka kwa furaha, ukapigwa kambi nzima kwa spika. Jioni Shabani akamwambia mtu wa pikipiki:

"Kama hata huyu muimbaji wa amani anamusalimia mukubwa wetu, haya ya nini tena? Mwambie mama niko nabaki."

Wakuu, aibu hiyo ndiyo iliyokuwa inamvuta nyumbani. Mimi niliikata.

Mama Shabani akaja mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliuliza wimbo wa pili ulitoka wapi. Ningeweza kusema kompyuta ilichanganya, naye angeamini. Nikasema ni mimi, nilitaka mtoto aone unafiki wa staa.

Akaniuliza:

"Ulikuwa unabishana na nani, Papa?"

Swali hilo halijanitoka. Mpaka leo, nikikaa nainuka, nikiinuka nakaa.

Akaniomba nirekodi tena. Sauti yake tu. "Musitie mutu mwingine yeyote," akasema, na akabaki amesimama nyuma yangu, macho kwenye kioo cha kompyuta, mpaka nikamkabidhi kadi mkononi. Nilistahili.

Sasa swali lenu. Wanamuziki wakubwa hawana msimamo mmoja juu ya vita. Wengi wanaufuata upepo na mfuko. Ndivyo ninavyoona, sibadilishi. Ila somo nililopata silo hilo. Staa aliutupa wimbo wake hewani, hamjui Shabani. Mimi nilimjua, nikaupeleka hadi mkononi mwake, na hapo nilijihesabu mpinga vita kuliko yeye.

Kadi ya pili imekwenda. Hakuna jibu bado. Kila pikipiki ikitoka upande wa Kabambare naacha wateja, natoka nje kuangalia nani amekaa nyuma.

Haya, semeni, hata mkinisema mimi. Ila aliye na mtoto msituni aanze yeye, sisi wengine tumsikilize kwanza.