Sahihi Nne za Asubuhi Moja

Habari za kifo chake nilizipata Kashai, kwa fundi viatu, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. "Yule bosi wenu wa mambo ya mashine amefariki," aliniambia. Nikasema pole kama ilivyo desturi, nikavaa kiatu changu, nikaondoka. Wasomaji wangu mnisamehe, sikusikia uchungu wowote. Msibani, msemaji alimsifu kwamba katika maisha yake hakuwahi kuchelewesha mradi hata mmoja. Ni kweli tupu, na kwa hilo hilo namchukia hadi leo, akiwa kaburini.

Vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianza, ofisi yetu ya Bukoba ilipewa kazi ya kuandikisha vibanja vyote, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu, kwa mashine. Sisi tulijaza fomu, wenzetu wa Dar es Salaam wakayahamisha majibu kwa kutoboa matundu kwenye kadi, na mashine ikatoa orodha: nani ana shamba, na wapi pana pori la kugawiwa vijiji. Marehemu ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi, mimi karani wa kuzijaribu fomu kwenye mashine. Utaratibu ulidai sahihi zake nne: ya fomu, ya kadi, ya majaribio na ya makabidhiano, kila moja baada ya hatua yake kukaguliwa. Fomu yenyewe ilitungwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Buhaya. Iliuliza shamba lina zao gani, ikatoa nafasi ya zao moja tu. Sasa niambieni, kibanja gani cha kwetu kina zao moja? Kahawa iko chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na wazee wetu wamezikwa humo humo. Makarani waaminifu walitia alama penye kahawa na penye ndizi pia. Nilipeleka fomu kumi za Kaagya zijaribiwe. Mashine ilizikataa zote kwa kuwa na alama mbili, na kwenye orodha vibanja vyote kumi vikatokea kuwa pori.

"Mzee, fomu ina kasoro," nilimwambia asubuhi moja. "Tuirekebishe kabla hatujaenda Muleba."

"Mgeni rasmi anakuja mwezi ujao," alijibu bila kuinua macho. "Unataka nimwonyeshe kasoro? Tutakagua mwishoni."

Akachomoa kalamu, akatia sahihi zote nne pale pale, hata ya kukabidhi kitu ambacho hakijakamilika. Kisha akanisukumia karatasi ya majaribio. Nikatia yangu. Niliogopa kufukuzwa kazi, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Wapima ardhi walipoanza kupiga vigingi Kaagya, mjane mmoja alikuja ofisini na mkungu wa ndizi kichwani na kikapu cha kahawa mbivu. Akavitua juu ya meza ya mkuu. "Waitu, ndugu mkubwa," alisema kwa heshima ya Kihaya, "kama kwangu ni pori, hivi nimevichuma wapi?" Marehemu alikunja uso. "Mama, mashine haidanganyi. Nenda nyumbani, usubiri ukaguzi."

Siku hizi nawaona vijana wa hapa mjini wakitengeneza mifumo ya kompyuta kwenye vyumba vya kupanga. Wana akili kunishinda. Lakini ukiwauliza mbona hili halifanyi kazi, wanajibu, "Mzee, tutarekebisha baadaye," na mimi nasikia sauti ya yule bwana, damu inanichemka.

Ukaguzi ulikuja kweli, mwishoni, kama alivyoahidi. Wakaguzi waliliona kosa kwa mchana mmoja tu. Lakini trekta lilikuwa limekwisha pita juu ya migomba na makaburi, na mahindi ya kijiji kipya yamefika magotini. Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka barua, na kwa kuwa mjane hakujua kusoma, nikamsomea: orodha imesahihishwa, ardhi yako umerudishiwa. Akayageukia yale mahindi.

"Waitu mwanangu," akaniuliza, "na mume wangu yuko mstari wa ngapi?"

Marehemu hakuulizwa swali lolote, alipandishwa cheo. Nyinyi mnaotengeneza mifumo, kagueni fomu ya kwanza siku ile ile inapoandikwa, wakati bado inafutika kwa raba. Na kama mnawaogopa wakubwa wenu kama nilivyomwogopa wangu, jueni kwamba siku ya kuisoma barua hawatakwenda wao. Mtakwenda nyinyi.