Hekalu la Saba

Tangu Bangkok, Saroeun hakuuweka chini mkebe wake wa ghorofa tatu: wali chini, samaki wa tangawizi katikati, na juu mchuzi wa pilipili. Chakula cha wafu hakiwekwi ardhini wala hakionjwi. Mpaka ulipofunguliwa alfajiri, upande wa Thailand, alikuwa nyuma ya vibarua mia nne wanaorudi kwao Kambodia kwa sikukuu. Saa moja na nusu bado alikuwa akiwahesabu visogo, na mkono umekufa ganzi.

"Dada, tua huo mzigo," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Au umebeba mayai ya mamba?"

"Nimembebea mama yangu."

"Lo! Na leo ndiyo siku ya mwisho."

Alijua mwenyewe, hakuhitaji kukumbushwa. Kwa siku kumi na tano wafu huachiliwa, wakazunguka mahekalu saba kutafuta walichowekewa na ndugu zao. Akikosa kote, marehemu hurudi na njaa yake, na kuapiza kizazi chake. Na watawa, ambao hula kwa niaba ya wafu, hawali baada ya saa sita mchana. Ikigonga hiyo, hakuna tena wa kumpokelea.

Hofu yake lakini ilikuwa nyingine, na ilikuwa kubwa zaidi. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye na mama yake, Nhem, waliuza sukari ya mti wa mvumo nje ya mahekalu ya kale ya Angkor. Siku moja Saroeun alisema amechoka kunuka sukari, anakwenda Thailand kumenya kamba kiwandani. Nhem alikuwa mwanamke wa pilipili, chakulani na mdomoni.

"Nenda kwa hao kamba wako! Nikifa usiniletee hata punje ya wali. Sili!"

Baadaye walizungumza kwenye simu mara nyingi, habari za mvua, habari za magoti. Hayo maneno hakuna aliyeyagusa. Kisha, mwezi wa tatu mwaka huu, Nhem akafariki, na Saroeun hakuwahi hata kumzika.

Saa mbili na robo alitoka Thailand, akakata mbio mpaka upande wa pili, akakuta foleni nyingine. Afisa kijana wa Kambodia aligonga kidole juu ya mkebe.

"Mama, kuna nini humu? Kinanukia." Akagusa kifuniko.

"Thubutu! Ukilamba tu, mama yangu atakufuata mpaka kitandani!"

Yule kijana alirudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aligonga muhuri, akainama.

"Mama, mimi nipo zamu siku zote hizi. Marehemu baba yangu aliitwa Prum Hak. Ukifika hekaluni, mtaje naye, tafadhali."

"Prum Hak," alisema Saroeun. "Nitamtaja."

Kijana akatoka kibandani, akampigia mluzi dereva wa teksi. "Huyu mfikishe Angkor kabla ya saa sita! Ana wageni wawili wanaomsubiri!"

Dereva alikanyaga mafuta. Kando ya barabara mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, na Saroeun hakuyaona, macho yake kwenye saa ya gari. Je, akifika na mama akakataa? Atajuaje? Robo saa kabla ya saa sita aliruka garini, akapita daraja la mawe akikimbia, akaingia kwenye hekalu la watawa lililo uani mwa yale magofu makubwa.

Mdogo wake, Kosal, alikuwa amekaa mkekani mikono mitupu.

"Hujaleta kitu?" Saroeun alihema. "Kosal, wewe mwehu? Ningechelewa je?"

"Mahekalu sita nimeyamaliza mimi. Hapa mama alinikataza. Siku mbili kabla hajafa alisema: 'La saba mwachie dada yako. Nitamsubiri pale tulipokuwa tukiuza sukari. Na mwambie asinibanie pilipili.'"

Saroeun aliketi kwa kishindo, mkebe mapajani, akalia mbele za watu bila kujali. Miaka kumi na miwili ilimtoka kifuani. Kwa msomaji wa majina ya wafu alitaja mawili, Nhem na Prum Hak, yakasomwa. Mkono ulikataa kukunjuka, ikabidi Kosal amsaidie kuutoa mkebe vidoleni.

Mtawa aliyekaa karibu nao alichota wali, akaumwagia mchuzi, akala. Kisha uso ukamwiva, machozi yakamtiririka, akakohoa mpaka wenzake wakamsogezea maji.

"Haya," alisema Kosal. "Mama kafika."