Nusu Kikombe cha Maji

Harufu ya petroli mbichi, ile inayokupata unaposhusha kioo kituoni, hunirudisha Ipinda, siku niliyokiri kosa langu mbele ya fundi Gwamaka. Nilikuwa msichana wa miaka tisa.

Mama alikuwa muuguzi. Alihamishwa kutoka Tanga akapangiwa zahanati ya upande wa Matema, nasi tulikaa Kyela mjini kwa sababu ya kazi ya baba. Kila asubuhi aliondoka na gari letu dogo jeupe, jioni akarudi. Kisha gari likaanza kuzima njiani. Asubuhi liliwaka vizuri. Likishakimbia nusu saa, linakata ghafla. Ukiliacha lipoe linawaka tena, kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta, wa pili akabadilisha plagi. Baba akachoka. Akasema liuzwe, na mama apange chumba Matema, awe anarudi Jumamosi.

Mimi nilijua kilichoharibu gari. Wiki moja kabla halijaanza kuzima, nilikuwa nikicheza mchezo wa kuuza mafuta, nikafungua kifuniko cha tangi na kumimina nusu kikombe cha maji.

Likizo ilipofika mama alinichukua siku moja kwenda kazini. Tulipokaribia Ipinda, gari likazima. Vijana waliokuwa wakianika kakao kando ya barabara wakatusukuma hadi gereji ya fundi Gwamaka, mzee mfupi aliyeongea taratibu.

"Linazima likiwa la moto au la baridi, mama?" aliuliza.

"La moto. Likipoa linawaka."

"Linakohoa kwanza?"

"Hapana. Linakata tu."

Mafundi wa kwanza hawakuwahi kumuuliza hivyo. Akafungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, mama akapiga stati. Haikutoa cheche hata moja.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikaanza kulia. "Ni mimi. Nilitia maji kwenye tangi."

Mama akafungua mlango kwa nguvu. Fundi akamwinulia mkono asubiri.

"Kiasi gani, mwanangu?"

"Nusu kikombe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari nzito. Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga chupa tupu, akamwomba mama afungue swichi. Chupa ilipofika nusu akaiinua juani.

"Maji yangekaa chini, yakajitenga. Unaona mstari wowote?"

Nikatazama sana. "Sioni."

"Basi si wewe."

Akarudisha mpira, akalala chini ya gari na kunionyesha kitu cheusi, kikubwa kama kidole gumba, karibu na puli ya chini. Ilikuwa sensa ya krenki. Kazi yake, alisema, ni kuiambia kompyuta ya gari injini imefika wapi katika kuzunguka. Ikinyamaza, kompyuta haijui wakati wa kutoa moto. Akaimwagia maji baridi, tukangoja kidogo, mama akapiga stati. Gari likawaka.

"Ikipata joto inakufa," alisema.

Sensa mpya ilikuja na basi kutoka Mbeya kesho yake. Ilishikwa na bolti moja tu. Mama akasema "Ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi ya Tanga, fundi akacheka. Gari halikuzima tena, na mama akaendelea kurudi kila jioni.

Nilipokuja kuwa na gari langu, fundi mmoja alinieleza kwamba plagi zikikosa cheche kabisa huhangaiki na mafuta, unatafuta umeme. Gwamaka alikuwa ameshaijaribu plagi kabla sijafungua mdomo. Yeye hakuwa na haja ya kuangalia petroli. Alisimamisha kazi yake kwa ajili yangu, nami sikumshukuru, kwa sababu nilidhani ni sehemu ya matengenezo.