Ladha ya Msumari

Kwa miaka mingi nilitunza bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni pale Bigwa. Namshukuru Mungu kwa riziki ile, ingawa siku moja katika miaka hiyo bado inanikaba.

Ilikuwa Ramadhani. Maji ya bomba yalikatika na wageni wa Idi walikuwa njiani, hivyo tajiri akaamuru tujaze bwawa kwa maji ya kisima kipya. Yalitoka maangavu. Chuoni, nilikosomea Kurani utotoni, nilifundishwa kuyapima maji ya udhu kwa rangi, harufu na ladha. Nilitazama, nikanusa. Sikuonja, kwa kuwa nilikuwa nimefunga. Hata hivyo nilitangaza kwamba maji ni safi.

Mama wa usafi, Mkristo wa huko juu milimani, aliteka kwa kiganja akaonja.

"Mzee, haya yana ladha ya msumari. Kwetu chemchemi ya hivi hugeuza shuka kuwa kahawia. Tuyajaribu kwanza kwenye ndoo nyeupe, tutie klorini kidogo, tungoje."

"Msumari uko mdomoni mwako," nikamjibu. "Mimi maji nimeyasomea. Mwaga dawa."

"Haya, shehe wa maji!" Akacheka, akamwaga.

Kufika adhuhuri bwawa zima lilikuwa kama chai ya rangi, na kutu imeshika vigae vyeupe. Tajiri akaja anafoka.

"Nani kamwaga dawa?"

"Mimi," alisema yule mama, akanitazama.

Kinywa nilichokilinda hata na tone la maji hakikutoa neno. Alifukuzwa palepale.

Nilisugua vigae kwa ndimu hadi Idi. Madoa mengine hayakutoka. Baada ya swala nilimweleza tajiri ukweli.

"Umechelewa, mzee. Nafasi yake ina mtu."

Mimi hakunifukuza.

Mwezi uliofuata nilipanda mlima. Nilimkuta akipalilia maharage kwenye mteremko mkali. Kabla sijasema neno, aliinama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Nilishindwa kuitikia. Nikamwomba radhi, nikamweleza kuwa tajiri hakukubali kumrudisha. Akasema amenisamehe.

"Na ndoo nyeupe, mmenunua?"

"Tumenunua. Kila maji mapya tunayajaribu humo kwanza. Yakiwa na chuma, tunatia dawa ya kukishika kabla ya klorini."

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye jembe lake.