Mkono Mzito wa Shemeji

Mtaani walimwita Fundi Hamnakitu, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni tusi kwa fundi asiyejua kazi. Sivyo. Jina lilitokana na mazoea yake mwenyewe. Ukimpelekea redio inayokoroma, ataifungua, ataipima, ataiwasha, nayo itaimba vizuri kabisa. Hapo atafuta mikono na kukurudishia. "Hamna kitu hapa. Nzima hii." Ukifika nyumbani inakoroma tena. Ukirudi kulalamika atakuuliza umeiweka wapi, nani anaigusagusa, na kama una watoto watundu. Kwa Hamnakitu, kifaa kilichofanya kazi mezani kwake hakikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa ni mwenye kifaa.

Tusimwonee lakini. Fundi alikuwa fundi. Alilehemu waya ambazo wengine hata hawakuziona, na alipomaliza kazi huwezi kujua palipokuwa pamekatika. Ila neno "sijui" lilikuwa halimtoki mdomoni hata umkabe koo.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa mpiga gitaa wa bendi iliyotumbuiza kwenye ukumbi wa hoteli kila mwisho wa juma. Watu walikuwa wakiacha kula ili wamsikilize. Amplifaya yake ilikuwa ya kizamani, ile ya valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kwa ndani. Ilikuwa boksi zito la mbao: spika chini, mashine juu, na valvu zimening'inia kichwa chini kama popo. Shemeji aliipenda amplifaya hiyo kiasi kwamba dada mtu aliwahi kuuliza kama na yeye angefunikwa shuka usiku kama ilivyofunikwa ile.

Ikaanza kukata fyuzi. Wimbo ukikolea, shemeji akiongeza sauti, kimya. Anabadilisha fyuzi, wanapiga kidogo, kimya tena, na watu ukumbini wanaanza kupiga miluzi. Akaibeba mpaka kwa fundi. Hamnakitu akafungua skrubu, akaitoa mashine kwenye boksi, akailaza ubavu mezani na kuiunga na spika yake ndogo iliyokuwa ukutani. Akapima transfoma, akapima kapasita, akapima valvu moja baada ya nyingine. Akaiacha iungurume mchana kutwa. Fyuzi haikukatika.

"Hamna kitu, shemeji. Beba."

Akabeba, akaenda ukumbini, ikakatika. Ikarudi kwa fundi, ikawa nzima. Ikaenda, ikakatika. Mwishowe kiongozi wa bendi akaja mwenyewe, na wapiga ngoma wake nyuma, wakajazana mlangoni kutaka kujua kulikoni. Hapo ndipo mtu mwingine angesema ukweli, kwamba kitu hiki kimenishinda, kipelekeni kwa mwingine. Fundi alitazama zile sura zilizokuwa zikimsubiri, akaona aibu, na aibu ikamtafutia maneno.

"Amplifaya haina kosa," alisema. "Ni mkono wa shemeji yangu. Mzito. Gitaa analitwanga kama anatwanga mahindi."

Wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Shemeji naye akacheka. Mtu akitaniwa na shemeji yake mbele ya watu afanye nini? Fundi akanogewa na kile kicheko, akaongeza ushauri juu yake: asipandishe sauti kupita kiasi, na vidole avifundishe adabu.

Shemeji alikuwa mtu msikivu. Akapunguza sauti, akaacha kuzikwangua nyuzi, akawa anazigusa tu. Na kweli, fyuzi hazikukatika tena. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Zingeendelea kukatika, pengine mtu mwenye akili angetafuta ugonjwa wenyewe. Sasa dawa ilikuwa imefanya kazi, na fundi akatembea mtaani kifua mbele.

Ukumbini gitaa likamezwa na ngoma. Kiongozi wa bendi akamwambia shemeji mara kadhaa kwamba siku hizi hasikiki, naye kila mara alijibu kwamba anaogopa kuharibu. Haukupita muda mrefu akaletwa mpigaji mwingine. Shemeji akapata kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akahesabu misumari na mabati mpaka alipostaafu. Hakulalamika. Wageni walipoliona gitaa ukutani na kuuliza, aliwaambia, "Niliacha. Nina mkono mzito mimi, muulizeni shemeji yangu." Na fundi, akiwepo, alicheka pamoja nao.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja dada mtu akaileta amplifaya kwenye mkokoteni.

"Mdogo wangu, hebu iangalie kama inafaa kuuzwa. Ile kona nataka niweke cherehani yangu. Shemeji yako mwenyewe kakubali."

Fundi alikuwa amezeeka na mgongo ulikuwa unamsumbua. Zamani angeitoa mashine kwenye boksi bila kufikiri. Siku hiyo alijaribu kuinama, mgongo ukakataa, akaamua kuipima hivyohivyo ndani ya boksi lake. Akabandua ubao wa nyuma, akaunga redio ndogo, akapandisha sauti. Boksi likatetemeka, vumbi likaruka, na fyuzi ikakatika.

Akakaa kwenye stuli. Halafu akaweka fyuzi nyingine, na safari hii umeme akaupitisha kwanza kwenye balbu ya kawaida, ili kukitokea shoti balbu ndiyo iwake na fyuzi isalimike. Akachukua kijiti cha mbao, akawa anagonga valvu pole pole, moja moja, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Ya kwanza, balbu ikabaki hafifu. Zilizofuata, hafifu vilevile. Alipoigusa ya mwisho, balbu ikawaka, ikamulika chumba kizima. Akagonga tena. Ikawaka tena.

Basi kumbe. Ndani ya kile kichupa kitu kilikuwa kimelegea. Spika iliyokuwa chini yake ikitikisika kwa nguvu, kinagusana na mwenzake, fyuzi inakwenda. Mezani kwake spika ilikuwa ukutani na mashine imelala, ikitibiwa kwa starehe, sasa ingetikiswa na nini? Alifungua droo, akatoa valvu nyingine ya namna ileile iliyokuwa imelala humo tangu enzi, akaipachika. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Amplifaya ikaimba na kutetemeka, wala fyuzi haikusema neno.

Hakuna aliyekuwa pale. Angeweza kunyamaza, ikauzwa, cherehani ikawekwa, mambo yakaisha. Na msimfikirie vizuri sana, alilifikiria hilo, tena kwa muda. Lakini moyo ulimuuma mno. Jioni akamwita mwenye mkokoteni, akaifuata amplifaya kwa miguu mpaka nyumbani kwa dada yake.

"Shemeji," alisema hata kabla hajakaa, "mkono wako haukuwa na kosa. Ilikuwa valvu. Ikitikiswa na spika inapiga shoti. Mimi nilikuwa naipima imelala, sikuiona."

Shemeji aliitazama amplifaya. "Tangu wakati ule?"

"Tangu wakati ule."

"Na wewe umejua lini?" dada mtu aliuliza.

"Leo asubuhi, dada."

"Kwa hiyo wakati ule ulikuwa unajua nini?"

"Sikuwa najua kitu," fundi alisema. "Sikujua, na nilipaswa kusema hivyo. Nisameheni."

Dada mtu akageuka, akaenda jikoni. Shemeji akatikisa kichwa taratibu, akasema yamepita, wala usijitese. Fundi hakutaka yapite. Aliliteremsha gitaa mwenyewe, akalifuta vumbi kwa shati lake, akachomeka waya, akafungua sauti yote mpaka kituo cha mwisho.

"Piga, shemeji. Piga unavyotaka. Hata ikiungua, iungue."

Shemeji akalipakata gitaa, akatafuta nyuzi kwa vidole, akaanza. Vidole vilikuwa bado vinakumbuka njia. Lakini alikuwa anazigusa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba, kama mtu anayepiga gitaa kwenye chumba chenye mtoto aliyelala, na kila baada ya muda anaitupia amplifaya jicho. Sauti ilitoka ndogo, safi, yenye uoga mtupu.

"Kaza mkono, shemeji," fundi alimwambia. "Kaza."

Shemeji akainua uso, akamtazama kwa mshangao.

"Si ndiyo nimekaza."