Mchezo wa Ndege na Jicho Langu la Kushoto

Ndege ya kweli nimepanda mara tatu katika umri wangu, na mara zote tatu nilifumba macho tangu inaondoka mpaka inatua. Basi mtu asinicheke nikisema kwamba mwaka ule nilikuwa rubani. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa kwenye godoro langu hapa Ibra, Omani, tableti mkononi, nikarusha ndege. Na ndege ile ya mchezo nikaja kuifanya shahidi wangu katika jambo ambalo lilibakisha kidogo tu limuue mke wangu.

Ilivyoanza ni ngiri. Nilipasuliwa, daktari akanikataza kushika usukani wiki sita. Mie niliyeendesha gari la maji miaka thelathini na kitu, kutoka hapa mpaka vijiji vya nyuma ya Sinaw, ambako watu walikuwa wakisikia mngurumo wangu kabla hawajaona vumbi langu, na wanawake wanatoka na mapipa. Siku hizo njia ilikuwa kokoto tupu, na kulikuwa na mteremko mmoja ukiushuka unaitia shahada mdomoni kabisa, kwa sababu maji nyuma hayatulii, yanakusukuma kama ng'ombe aliyekasirika. Lakini hayo siyo niliyotaka kusema. Nilitaka kusema kwamba mtu kama huyo ukimkalisha wiki sita anaharibika. Nilikuwa nikimgombeza mke wangu kwa chai, kwa mto, kwa mlango uliofungwa na kwa mlango uliowachwa wazi. Mwisho binti yangu, ambaye ni mwalimu na anakaa Sur na mumewe, alikuja kunitizama, akanitilia mchezo wa ndege kwenye tableti. Akasema, "Baba, endesha hii, umwache mama apumue."

Nilikubali ili anyamaze. Kumbe kile kitu kina utamu wake. Unaishika tableti kwa mikono miwili kama usukani, unailaza kulia ndege inakwenda kulia. Unabonyeza pembeni, moto unazidi, njia ya lami inakukimbilia, picha yote inatikisika, halafu ghafla haitikisiki tena. Hapo ndipo nilipopapenda mie, pale inapowacha kutikisika. Gari la maji halikuniachia ardhi hata siku moja. Chini unaiona bahari, kisiwa, mlima mmoja wa kijani. Mbele yako zimetundikwa pete za dhahabu, unapita ndani yake moja moja, kisha unatafuta kiwanja ukatue. Haitaki skuli. Mie skuli niliiwacha Unguja darasa la nne, Kiingereza sikijui, lakini mshale ni mshale, hata mbuzi akielekezwa kwa mshale atafika.

Ila zake nilizijua mapema, na nilikuwa nikimsimulia mke wangu akicheka. Mafuta hayaishi. Upepo hakuna. Mawingu ni yale yale matatu yanazungushwa. Ukiuvaa mlima unasikia kishindo kidogo kama mtu amekohoa chumba cha pili, na ndege imerudi kwenye lami, mpya, na wale abiria hakuna anayeuliza walikwenda wapi. Na matangazo, Mungu ayalaani. Umeshusha magurudumu, umeshazuia na pumzi, anakutokea mwanamke anaosha nywele kwa sabuni.

Hayo niliyaona. La kubwa sikuliona: kwamba katika mchezo ule kila kitu kiko mbele. Pete ziko mbele, mlima uko mbele, kiwanja kiko mbele. Hakuna kinachokujia kwa kando.

Wiki sita zikaisha nikarudi kwenye gari letu la nyumbani. Siku ya pili nikalikwaruza kwenye nguzo ya geti langu mwenyewe, upande wa kushoto. Nikasema nguzo imejengwa vibaya. Jumatano nilimpeleka mke wangu kwenye soko la wanawake, anauza kofia anazozishona, na sisi wanaume pale kazi yetu ni kushusha mizigo na kuondoka. Wakati wa kuondoka nikakigonga kitoroli cha mtu, kushoto. Nikasema mwenyewe kakiweka vibaya. Mara ya tatu ni kioo cha pembeni, cha kushoto, kimeng'oka na sijui mpaka leo kilipigwa na nini. Nikanunua kingine na rangi, nikapaka mwenyewe asubuhi mke wangu akiwa jikoni. Nasema kweli yangu: sikuogopa ugonjwa. Nilichoogopa ni kuambiwa.

Binti yangu alipokuja tena hakuingia ndani. Alilizunguka gari kwanza, anapitisha kidole kwenye ile rangi yangu. Leseni yangu ilikuwa imebakisha mwezi mmoja kwisha.

"Shikamoo baba."

"Marhaba."

"Safari hii leseni usiende kuichukua."

Nikamwambia nimeshasoma ubao wa herufi mbele ya daktari, mpaka mstari wa chini, na karatasi ninayo. Kweli nilikuwa nayo. Akasema ubao si barabara. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia yeye nimemfundisha mimi kushika usukani, na mama yake akaenda akachukua leseni kwa mgongo wangu, akafundishwa na yeye huyo huyo binti, na mbona mimi sijamzuia mtu? Hapo nilisema uongo. Leseni ya mke wangu ilikuwa na miaka kumi na zaidi, na sikuwahi hata siku moja kukaa kwenye gari aliloliendesha yeye.

Basi nikaichukua tableti. Nikasema, "Natua mara kumi mbele yako. Nikianguka hata mara moja, leseni siichukui. Nisipoanguka, usinitajie macho tena mpaka nife."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa chini akakunja miguu, akasema, "Haya." Mpaka leo anajilaumu kwa ile "haya" yake. Lakini ukimtizama mzee anapita kwenye pete nyembamba kama bangili na bawa haligusi, utasema huyu haoni? Mke wangu alileta kahawa, akaiweka, akabaki amesimama na birika. Ya kwanza nikatua, ya pili, ya tatu. Ya sita jasho limeshanifika kwenye nyusi. Ya tisa akatokea yule mwanamke wa nywele, nami nimebakisha kama urefu wa mnazi kugusa lami. Ukilifunga tangazo lake huna nafasi ya kupumua, ndege unaikuta ilipo. Nikamfunga, nikainyanyua pua, ikadunda mara mbili, ikasimama. Ya kumi niliitua kama mtu anayelaza mtoto.

Binti yangu akainuka. Akanibusu mkono, akasema, "Umeshinda baba," akaenda zake Sur bila ya kutaja macho tena. Na mie, nitaficha nini, nilijiamini. Hilo ndilo baya la mchezo ule. Haukumdanganya yeye peke yake.

Alkhamisi iliyofuata tukatoka, mie na mke wangu, kumfuata huko huko Sur ili tusibaki na kinyongo. Njia ile naijua, mchanga na miti ya mighafu ya jangwani mpaka unachoka. Mke wangu alikuwa na sufuria ya maandazi mapajani, ameifunga kwa kanga. Tulizungumza vizuri. Karibu ya kuingia mjini kuna raundabauti, na huku kwetu wanaotoka kushoto ndio wenye haki, unawangojea wao. Nikapunguza mwendo, nikatizama kushoto, nikaona kweupe. Nikaingia.

"Simama," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayezungumza na mtoto aliyeshika kisu.

Nikakanyaga breki kwa sababu ya sauti ile, si kwa sababu ya kitu nilichokiona. Honi ikaja baadaye. Pikapu imejaa mbuzi ilikuwa mbele ya boneti yangu, ukitia mkono baina yetu unakwama. Ilitoka wapi sijui. Kwangu mie ilitoka hewani. Mbuzi wameangukiana, maandazi yamemwagika miguuni, na mwenye pikapu, bedui mtu mzima wa umri wangu, akateremka akaja dirishani. Nilingoja matusi. Alinitizama usoni tu, akamtizama na mke wangu, akauliza kwa Kiarabu kama tuko salama. Kisha akanyanyua mkono wake pembeni ya sikio langu la kushoto, akatikisa vidole. Niliisikia kanzu yake ikichakarika. Vidole sikuviona. Akaushusha mkono akaenda kuwainua mbuzi wake.

Mke wangu aliokota maandazi moja moja. Akasema, "Hukuiona."

"Niliiona."

"Bwana we, kama hajauliwa mtu leo, usinichoshe." Akafunga kanga upya. "Kwa binti yako sisemi kitu. Lakini Jumapili tunakwenda kupima macho, na daktari namwambia mimi, si wewe."

Siku mbili zile Sur nilitembea nikigusa kuta.

Jumapili alimwambia daktari habari ya mbuzi yote, hata vile vidole vya bedui. Daktari akasema ubao wa herufi hautoshi, akanipeleka chumba cha pili. Pana mashine, bakuli kubwa jeupe, kubwa kuliko sinia la arusi. Unaweka kidevu, jicho moja linafunikwa, unatizama nukta moja katikati wala husogezi macho. Nesi akanipa kidude cha kubonyeza. Taa ndogo ndogo zitawaka huku na huku ndani ya bakuli, ukiiona moja bonyeza, usipoiona usibonyeze. Nikajisemea, mchezo mwingine, na michezo naijua.

Jicho la kulia lilikwenda vizuri mwanzoni. Taa, bonyeza. Taa, bonyeza. Kisha zikawa chache kwa upande wa puani. Tulipobadilisha, la kushoto, nikaona taa tatu nne karibu na nukta, na baada ya hapo hakuna kitu. Weupe mtupu. Lakini mashine ilikuwa na sauti yake, tik, inapumzika, tik. Nikaelewa: kila tik ni taa, na inawaka mahali nisipopaona. Nikangoja. Tik. Tik.

Basi nikaanza kubonyeza. Tik, bonyeza. Mtu aliyesikiliza injini miaka thelathini hashindwi kufuata mdundo. Karatasi itatoka safi, leseni nitapewa, na binti yangu ameshakubali kutonitajia macho tena. Nilibonyeza mara kumi namna hiyo, labda kumi na tano. Nesi alikuwa nyuma yangu, akaja akasema kwa upole, "Baba, mara nyengine mashine inatoa sauti na haiwashi taa. Inataka kujua nani anakisia." Akasema anaweza kuianzisha upya, hakuna ubaya.

Nilibaki na kidevu mle ndani. Mlango ulikuwa wazi nusu na nilimsikia mke wangu nje akimwambia mwanamke mwengine kwa Kiarabu kwamba tangu Alkhamisi ile akifumba macho anaona pembe za mbuzi kwenye kioo. Kwangu hakuwa amelisema hilo. Alikuwa amepika, amefua, amenipigia pasi kanzu yangu, na kumbe kila akifumba macho.

Nikamwambia nesi aianzishe.

Nikatizama nukta. Tik, na mie nimetulia. Tik, nimetulia. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mteremko wowote nilioushuka na maji. Mkono wangu ulitaka kubonyeza wenyewe, nikaulaza juu ya goti. Taa nilizoziona nilizibonyeza, na zilikuwa chache mno.

Karatasi ilitoka nyeusi upande mzima, katikati pana kijitundu cheupe. Daktari akasema ni presha ya macho, imeanza zamani kimya kimya, na kilichokwenda hakirudi. La kulia limeanza kuliwa, lakini kwa dawa ya matone asubuhi na usiku linaweza kubakishwa. Kuendesha gari, basi tena. Nilimuuliza vipi niliweza kupita kwenye pete. Ilibidi nimweleze pete gani. Akasema pete zote zilikuwa zikipita kwenye kile kijitundu.

Nilimpigia binti yangu hapo hapo kwenye benchi. Nikamwambia ule ushindi aufute. Nikasikia wanafunzi wake nyuma wakipiga kelele, kisha akauliza, "Sasa nani anakurudisha nyumbani?"

"Mama yako."

Akasema, "Baba, funga mkanda." Nikajua analia na anacheka.

Kwenye maegesho miguu yangu ilikwenda yenyewe mpaka mlango wa dereva. Mke wangu alikuwa ameshafika, funguo mkononi. Hakunidhihaki, ingawa nafasi alikuwa nayo. Alisema, "Zunguka," nami nikazunguka, nikakaa kulia. Akarudisha gari nyuma pole pole, akatoka barabarani. Nilitaka kumwona anavyoendesha, miaka yote ile sijamwona. Nikatizama mbele na sikumpata, nikatizama kidogo kwa kando na sikumpata. Ikabidi nigeuze shingo yote, na bega, kama mtu anayeitwa kwa nyuma, ndipo nikamwona: amekaa wima, mikono miwili juu ya usukani, midomo ameibana, na anatizama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.